Vitufe Vitatu vya Kutengua Kosa

Mchoraji wa mabango wa duka letu la uchapaji hutumia mkono wa kushoto tu. Wa kulia ulipooza zamani, naye huulaza mapajani. Akikasirika hapazi sauti. Huuma midomo, akachukua kitambaa na kupangusa kibodi, kitufe kimoja kimoja. Wiki ile aliipangusa mara nne kwa siku. Programu ya bure tunayochorea ilikuwa imetoka toleo jipya, na kutengua kosa, kazi ya kitufe kimoja siku zote, sasa kulitaka vitufe vitatu vilivyoachana, vibonyezwe pamoja.

Nilimsindikiza kwenye mkutano wa wanaojitolea kuitengeneza. Kiongozi wao alitabasamu. “Mama, huo ni mpangilio wa mwanzo tu. Kila mtu anaweza kuubadilisha.”

“Kila mtu yupi?” mchoraji akamuuliza. “Hebu tia mkono wa kulia mfukoni, utengue kosa.”

Kiongozi akajaribu, vidole vikatanuka, akashindwa. Wenzake wakacheka, mchoraji hakucheka.

“Basi nikuonyeshe pa kubadilishia,” akasema kiongozi, uso umemshuka.

“Yangu niliibadilisha siku ile ile ilipotoka,” mchoraji akajibu. “Nimekuja kwa ajili ya yule atakayeshindwa leo, akadhani mbovu ni mkono wake.”