Betri Yenye Mshikio wa Kitenge

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yamenipata mimi mwenyewe, hapa hapa Juba, mchana wa jua kali, na mama yangu amelala chumba cha pili ninapoandika. Nikudanganye nipate nini?

Baba alituachia landrova ya miaka ya sitini. Aliinunua Kitale tulipokuwa wakimbizi Kenya, na vita vilipoisha akaiendesha mwenyewe mpaka huku, sisi watoto tumekaa nyuma juu ya magodoro. Tukapata kiwanja mtaa wa Hai Mauna. Baba alipofariki nikairithi mimi binti, kwa sababu kaka zangu walisema ni chuma chakavu. Waache waseme. Magoti ya Mama yameisha, bodaboda hawezi kupanda, na gari la mtu mwingine halitaki. Kanisani na hospitalini anakwenda kwa landrova ya mumewe, amekaa kiti cha mbele, ananifokea kwa kila shimo ninaloingia.

Siku moja nikageuza ufunguo, kimya. Fundi wetu, Mganda mwenye gereji karibu na kwetu, akaipima betri akatikisa kichwa.

"Dada, hii imekufa kabisa. Mimi iko nachaji hii betri kila wiki, haishiki. Tafuta ingine."

Utasema, si ununue mpya? Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Baba alichoka na wezi wa betri, akaitoa kwenye boneti akaitengenezea kisanduku cha chuma chini ya kiti cha abiria. Kwa hiyo lazima iwe fupi, la sivyo vichwa vyake vinagusa chuma cha kiti na cheche zinaruka chini ya Mama. Lazima iwe nyembamba ili iingie. Na waya alizoweka ni fupi, kichwa cha chanya kisipokaa upande wa kulia, hazifiki. Hebu nenda kaitafute betri ya namna hiyo Juba.

Nilizunguka soko la Custom asubuhi nzima, betri ya zamani mkononi kama kipimo. Wakenya walikuwa na mpya, zote ndefu. Waganda walikuwa na zilizotumika, pana mno. Mmoja akanishikia betri ya sola na kuniapia kwa jina la Yesu kwamba ndiyo yenyewe. Mkono ulikuwa unaniuma. Mshikio wa plastiki ulikatika zamani, Mama akafunga mwingine wa kitambaa, kipande cha kitenge cha bluu chenye ndege wa njano. Ni kile kile alichonibebea mgongoni nikiwa mchanga. Kikumbuke hicho kitambaa.

Mwenye duka mmoja akaniambia nijaribu Sherikat, kule malori yanakoegeshwa, maana madereva huuza vyuma vya zamani. Nikavuka daraja la Nile.

Huko nikamwona mtu mmoja mbele kidogo ya lori la mwisho, amekalia jerikeni juani, hana mwavuli wala kofia. Mbele yake betri moja tu. Wanaojua Sherikat wanajua vumbi lake, linaingia hadi ndani ya chai. Lakini kanzu yake ilikuwa nyeupe safi, na betri yake ilikuwa safi, na malori yanapita. Niliona hayo, nakuapia niliyaona. Ila akili yangu ilikuwa kwenye kipimo. Nikaziweka betri mbili pamoja, urefu sawa, upana sawa, chanya kulia.

"Bei gani, mzee?"

"Mimi sitaki gurus, dada." Pesa, yaani. "Wewe lete ile ya zamani, chukua hii. Kalas, basi."

Usinione mjinga. Kila anayenunua betri mjini hapa huiacha ile mbovu kwa muuzaji, wao wanajua pa kuyapeleka madini ya risasi yaliyomo ndani. Ndivyo biashara ilivyo. Hata hivyo nilimwambia ukweli, kwamba yangu imekufa.

"Najua," akasema. "Mimi nataka taa tu."

Nikajisemea, huyu jua limemwingia kichwani. Nikamwachia yangu, nikabeba yake haraka kabla hajabadili mawazo.

Landrova iliwaka kwa mguso mmoja. Mama akatoka nje akipiga makofi, akaisifu sauti ya injini ya mumewe. Kisha akaitazama mikono yangu.

"Mshikio wangu uko wapi?"

"Nimeuacha na betri, Mama. Ni kipande cha kitenge tu."

"Umemwachia nani?"

Nikamweleza. Hakunifokea, na ndipo nilipoanza kuogopa, maana mama yangu hajawahi kukosa la kunifokea. Alirudi ndani akalala, na Jumapili hiyo hakwenda kanisani.

Baada ya hapo akawa anapungua. Sijui niseme vipi. Alikula, lakini chakula hakikumfikia. Mikono ilikuwa baridi katika joto lile la Juba ambalo hata mbuzi wanalikimbia. Tulimpeleka hospitali, wakapima damu, wakapima mkojo, wakapiga picha ya kifua. Daktari akasema hana ugonjwa, amechoka tu. Amechoka na nini, na hata kikombe hakiinui?

Halafu jioni moja akamwambia mdogo wangu Poni, ambaye ndiye anayemuuguza, "Zima hiyo taa, mwanangu, nilale." Taa haikuwa inawaka. Umeme haukuwepo mtaa mzima. Mama akasema iko pale pale, akifumba macho anaiona, haizimwi usiku wala mchana.

Nilikumbuka neno la yule mtu.

Kesho yake, jua likiwa utosini, nilikuwa Sherikat. Nilitegemea nisimkute. Nilimkuta. Jerikeni ile ile, kanzu ile ile, na mbele yake betri yetu, mshikio wa Mama juu yake. Waya mbili zilitoka kwenye vichwa vyake kwenda kwenye balbu ndogo aliyoishika mkononi, na balbu ilikuwa inawaka. Betri ambayo fundi aliichaji ikakataa kushika! Iliwaka mchana kweupe, mwanga wa njano, mtulivu.

Nikamwambia nimemletea betri yake, anirudishie yangu.

"Chukua," akasema kwa upole. Upole wake ndio ninaouchukia mpaka leo. "Lakini piga simu nyumbani kwanza. Halafu toa waya."

Nilimpigia Poni. Akasema yuko kando ya Mama, anamlisha uji. Nikiwa na simu sikioni nikainama, nikavuta waya mmoja. Balbu ikazimika.

"Dada!" Poni akapiga kelele. "Dada, Mama hapumui! Mama! Mama!"

Niliurudisha ule waya kwa mikono miwili, simu imeanguka mchangani. Balbu ikawa nyekundu kwanza, kisha ya njano. Na kutoka kwenye ile simu mchangani nikasikia mama yangu akikohoa, akiuliza nani amemmwagia uji.

Ninajua unachowaza, hata mimi nilikiwaza. Ningeibeba yote, na waya zake na balbu yake. Nilijaribu. Niliishika kwa kile kitambaa nikaiinua kidogo tu, mwanga ukatetemeka ukafifia, nikaiweka chini upesi. Jaribio la kukifungua kile kitambaa likaishia hivyo hivyo. Nikamlilia. Nikamwahidi landrova. Nikamwahidi kiwanja. Nilipiga magoti kwenye vumbi lile madereva wakinitazama, na hakuna hata mmoja aliyesogea.

"Malesh, pole dada," akasema. "Tulibadilishana vizuri, wewe na mimi. Mimi nilitaka taa tu."

Ningefanya nini? Niambie wewe. Mchungaji wetu aliomba mpaka sauti ikamkauka. Kaka zangu walitaka kwenda na fimbo, nikawazuia mlangoni, maana ukimpiga mtu mwenye balbu mkononi balbu itaanguka. Nikabaki kwenda Sherikat kila siku baada ya kazi, nasimama mbali, naiangalia inawaka, narudi nyumbani. Siku ya upepo sikuweza hata kula.

Kisha mvua kubwa ikanyesha, na nilipofika hakuwepo. Jerikeni haikuwepo. Palikuwa na matope kila mahali, isipokuwa pale betri ilipokuwa imekaa, pamekauka kabisa. Nilikimbia mpaka darajani, nikapanda bodaboda huku nalia kwa sauti. Poni alikuwa mlangoni. Mama alikuwa anapumua.

Bado anapumua. Haongei tena, ila mara moja moja huweka kiganja juu ya macho, kama mtu anayekinga jua. Landrova inawaka kwa mguso mmoja kila asubuhi, na kiti cha mbele hakina mtu.

Kwa hiyo nakuonya. Unapoacha betri mbovu dukani, au kitu chochote chakavu, kifungue kwanza kile ambacho mtu wa nyumbani kwako amekifunga kwa mkono wake. Na anayekataa pesa yako, mwachie mali yake.

Mimi langu lililobaki ni ombi. Mama anapumua, basi najua ile taa inawaka mahali. Labda ni Nimule, labda Arua, labda nyuma ya nyumba yako. Ukiona betri kuukuu yenye mshikio wa kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, na balbu inawaka, tafadhali usiguse waya. Pita polepole, usilete upepo.