Mkate wa Kwanza wa Bi Mwanamvua

Abiria waliolala Dodoma kungoja gari la moshi la asubuhi walikuwa wameshaambizana tangu Morogoro: ukishuka, usihangaike na hoteli ya Wazungu, fuata harufu mpaka kwa Bi Mwanamvua. Na harufu ilikufikisha kweli, hadi kwenye banda la nyasi nyuma ya stesheni, mikeka imetandikwa, dele la kahawa liko motoni, watu wamebanana.

Alikuwa mjane mfupi mwenye ulimi mkali. Mama yake alikuja na misafara ya pwani, akaolewa huku huku Ugogo, akamwachia ujuzi wa mkate wa mofa. Tanuri lake ni mtungi mkubwa wa udongo uliofukiwa ardhini, moto ndani. Unga wa mtama uliochachuka hubandikwa kwenye kuta zake mpaka uive. Tanuri hilo Bi Mwanamvua alilifinyanga mwenyewe, na ndilo lililomlisha tangu mumewe afariki. Akida, msimamizi wa mji aliyewekwa na Wajerumani, hakumpenda, maana mjane huyu hakujua kunyenyekea. Alikwisha kumwonya: mkubwa yeyote akilalamika tena, tanuri litavunjwa, naye atakwenda kufua nguo za askari bomani. Bi Mwanamvua alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama atakunywa kahawa.

Bandani pale palikuwa na desturi. Mkate wa kwanza hauuzwi. Hupewa msafiri aliyetoka mbali kuliko wote, na mpaka aumege yeye, hakuna mwingine anayekula. Mama yake aliianzisha, kwa kuwa aliingia Dodoma kwa miguu, na njaa yake hakuisahau mpaka kufa.

Asubuhi moja aliingia afisa wa Kijerumani, safarini kwenda Tabora, na askari wake nyuma. Watu waliokaa mikekani wakasimama wote. Bi Mwanamvua alikuwa ameinamia tanuri, akachomoa mkate wa kwanza, akauliza kama kawaida yake, "Nani ametoka mbali?"

Askari akacheka. "Unauliza nini, wee mama? Bwana Mkubwa ametoka Ulaya! Lete."

"Ulaya ametoka kwa meli, na Dar es Salaam kwa gari la moshi. Alikuwa amekaa," akasema Bi Mwanamvua. "Mimi nauliza aliyetembea."

Pembeni alikuwa Amiri, mchukuzi aliyetembea siku nyingi kutoka Kolo, mzigo wa nta bado uko miguuni pake, nyayo zimepasuka. Akatamani ardhi immeze. Bi Mwanamvua akamwekea mkate mikononi.

Amiri akapiga goti, akamnyooshea afisa mkate ule kwa mikono miwili. "Chukua, Bwana. Mimi sina njaa."

Hapo Bi Mwanamvua akakasirika kweli, na hasira ile haikuwa juu ya Mjerumani, ilikuwa juu ya Amiri. Aliupokonya mkate, akaumega, akamtia tonge mdomoni mbele ya watu. "Muongo mkubwa wewe! Tafuna!"

Amiri akatafuna, machozi yakimtoka.

Uso wa afisa ukaiva. Alisema neno moja tu kwa lugha yake, na askari akashusha kitako cha bunduki juu ya mdomo wa tanuri. Likapasuka. Akapiga tena, na tena, mpaka kuta zikaanguka ndani na mikate yote ikazama kwenye majivu. Bi Mwanamvua aliyatazama majivu yakiruka. Lile lilikuwa tanuri lake, na bomani walikuwa wakimngoja na sabuni, naye aliyajua hayo yote. Hakulia wala hakuomba.

Gari la moshi likapiga honi. Afisa, ambaye tangu jana hakuwa ametia kitu tumboni, akatazama vigae, akatazama watu, kisha akauliza kwa Kiswahili chake kizito, "Na mimi? Mkate wangu uko wapi?"

Bi Mwanamvua akainama, akaokota kijiti, akafukua majivu mpaka akaupata mkate mmoja, mweusi, umevunjika katikati. Akaunyanyua kwa ncha ya kijiti ili auone vizuri.

"Wako ulikuwa wa pili, Bwana," akasema. "Nilikuwa nimekubandikia."