Mlango wa Darasa la Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa. Nilikuwa nimevaa kapitula mpya ya kaki, shati jeupe na viatu vya kuazima kwa binamu yangu. Lakini kichwani nilikuwa na mstari wa nywele uliochanwa upande, kama walivyopenda vijana waliotoka shule ya walimu. Padri Direkta, mkubwa wa shule ya misioni pale Kasongo, alinitazama kuanzia viatu, akapanda polepole mpaka kwenye ule mstari, akasimama hapo.

"Moniteri, watoto wa hapa wananyolewa kila Jumamosi. Unataka watazame ubao ao kichwa chako?"

"Ubao, Padri."

"Basi nenda unyolewe."

Nilikwenda kwa kinyozi wa sokoni, nikarudi kichwa kinang'aa. Somo langu la kwanza lilikuwa limekwisha kufundishwa na mtu mwingine. Watoto walicheka, nami nikaapa moyoni kwamba mtu hatanikuta tena upande mbaya wa sheria.

Vijana wanaosoma haya huenda hawajui moniteri ni nani. Ndivyo tulivyoitwa sisi Weusi tuliofundisha madarasa ya chini. Mapadri walishika madarasa ya juu na Kifaransa. Sisi tulishika Kiswahili, hesabu, dini, bustani na, kuliko vyote, sheria. Zilikuwa nyingi. Alfajiri ilipigwa ngoma ya kwanza, ile ya mti uliochongwa tumbo, ya kuamsha vijiji. Jua likipanda kidogo ilipigwa ya pili, tuliyoiita ngoma ya mlango. Hiyo ililia muda mrefu kidogo, ikanyamaza, na iliponyamaza mlango ulifungwa. Aliyebaki nje alipewa jembe, akalima bustani hadi adhuhuri, na akahesabiwa kwamba hakuja. Waliowahi walipanga mstari, wakaonyesha kucha, kichwa, halafu nyayo, kwa sababu ya funza. Mwenye funza alitolewa palepale kwa mwiba wa mchungwa, na mwenye kulia alichekwa.

Wazazi nao walikuwa na sheria zao. Kila mji, yaani kila familia ya ua mmoja, ulileta mafungu ya nyasi za kuezekea kabla ya mvua. Mtoto asiyeonekana misani Jumapili alijibu Jumatatu. Na mzazi hakuruhusiwa kumzuia mtoto shambani wakati mpunga unapoiva, kuamia ndege. Hiyo ndiyo waliyoichukia zaidi. "Padri ataamia yeye?" wazee waliniuliza. "Ndege hawajui saa ya shule."

Kulikuwa na jirani wa misioni, Mwislamu wa ukoo wa zamani wa mjini, mwenye duka la vitambaa na chumvi. Alitaka mwanawe ajue kusoma. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, akili ya mutoto wangu nakupa yote. Roho yake niachie mimi." Nilipeleka neno hilo kwa Padri Direkta. Alijibu kwamba shule ni kikapu kimoja: mtu hachukui samaki akaacha maji. Mwenye duka akacheka, akasema hajaona bado kikapu kinachobeba maji, na mtoto akabaki dukani. Mimi nilimwona mwenye duka ni mtu mkaidi. Nilikuwa kijana.

Baadaye nilihamishiwa shule ya kijijini, kwenye njia ya Kabambare. Nilikwenda kwa kinga, ndiyo baisikeli, sanduku langu nyuma. Pale tulikuwa walimu watatu tu. Moniteri Mkuu alikuwa mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi. Pius, mtu wa Nyangwe na mcheshi, alishika darasa la pili. Mimi nikapewa la kwanza. Jambo la kwanza Moniteri Mkuu aliloniambia lilikuwa hili: "Mwanangu, sheria ni kamba ya mbuzi. Ikiwa ndefu, mbuzi anakula shamba la watu. Ikiwa fupi, anajinyonga." Nilisema ndiyo, mzee, kama tunavyosema ndiyo kwa wazee.

Wadogo wa darasa la kwanza walikuwa na tabia ya kupotelea kijitoni kutafuta kaa. Nyumbani walidhani mtoto yuko shuleni, shuleni tulidhani yuko nyumbani. Siku moja baada ya mvua, mmoja alichukuliwa na maji, akaokolewa na wanawake waliokuwa wakiloweka muhogo. Padri Mkaguzi alipopita kwa pikipiki yake kukagua shule za njiani, nilimpa shauri langu: kila mtoto wa darasa la kwanza aletwe na mkubwa, mtu mzima wa mji wake au wa jirani, na mkubwa huyo auweke mkono wa mtoto ndani ya mkono wa moniteri, mlangoni, kabla ngoma haijanyamaza.

"Huyu iko na kichwa," Padri Mkaguzi alimwambia Moniteri Mkuu.

Jumapili iliyofuata nilitangaza sheria yangu baada ya sala. Akina mama walinung'unika, lakini walitii. Tangu hapo, kila asubuhi nilisimama kwenye kizingiti, filimbi shingoni, na wazazi wa kijiji kizima wakanijia mmoja mmoja, wakainama kidogo, wakanikabidhi watoto. Sijui niseme nini juu ya utamu wa kusimama pale.

Mwaka huo nilioa. Feza alikuwa binti wa familia ya Kibangubangu, wakulima, ng'ambo ya kijito. Hapa lazima nieleze jambo ambalo siku hizi linapotea. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mama anatoka njiani, anaingia majanini, anageuka mpaka mkwe apite. Hamtaji kwa jina, naye hamtaji. Si chuki, ni heshima, tena kubwa. Miaka ikipita na watoto wakizaliwa, mkwe anapeleka mbuzi na kitambaa. Mama akipokea na kuitika, njia inafunguka, wanaweza kusalimiana. Kabla ya hapo, hapana.

Feza alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba, Kalume. Alipofikia umri wa shule, baba yao na kaka zao wakubwa walikuwa mbali, kwenye kazi ya dhahabu upande wa Salamabila. Mkubwa aliyebaki nyumbani alikuwa mama yao peke yake. Na aliyesimama mlangoni alikuwa mimi.

Mwanzoni jirani yao, Mama Sifa, alimleta Kalume pamoja na wa kwake. Lakini Mama Sifa alikuwa na shamba mbali, na siku nyingi alikwenda huko alfajiri akamwacha mwanawe kwa bibi yake, ambaye hakuamka mapema kwa ajili ya mtu. Siku hizo mama mkwe alimleta Kalume mwenyewe mpaka majani ya pembeni ya uwanja. Alikaa mle akimshika mkono, akingoja jirani yeyote apite amwombe ampeleke. Wakati mwingine mtu alipita. Wakati mwingine ngoma ilinyamaza kwanza.

Kalume alilima bustani yetu sana. Hakununa. Nilipouliza hesabu ndani, jibu lilitoka nje, kwenye matuta ya muhogo, kabla wa ndani hawajafungua kinywa. Darasa lilicheka. "Nyamaza wewe, hupo!" nilimwambia. Akajibu, "Ndiyo, shemeji, sipo."

Feza aliniambia mapema kabisa. "Mama anapata taabu. Acha mimi nimungoje Kalume kule kijitoni, nimulete."

"Watu watasema moniteri anawafungulia ndugu zake mlango wa nyuma."

"Basi Pius asimame mlangoni siku moja moja."

"Darasa la kwanza ni langu."

"Mlango nao uliuoa?" aliuliza. Hakungoja jibu.

Moniteri Mkuu naye aliniita. Alisema nibadilishane na Pius muda wa ngoma tu, mtu hatakufa. Pius alikubali palepale: "Mimi sina mukwe hapa, kwa hiyo naweza kutazama kila mutu." Nilisema sheria niliitangaza mwenyewe, nikiivunja kwa ajili ya mkwe wangu, kesho nitamzuia nani? Lilionekana neno la haki. Watu watatu hawa walinifungulia njia, na hakuna aliyenishikilia pale mlangoni ila mimi.

Ilikuwa desturi kwamba mtoto aliyezidi kuchelewa aliondolewa darasani hadi mwaka mwingine, na aliyeamua ni Padri Mkaguzi alipofika. Habari zilienea kwamba anakuja. Kila mzazi alijua maana yake, na mama mkwe alijua zaidi ya wote.

Asubuhi ya ukaguzi Mama Sifa alikuwa shambani kwake. Padri Mkaguzi alisimama karibu nami mlangoni, mikono nyuma. Watoto karibu wote walikuwa wamekwisha kupokelewa. Ngoma ilikuwa ikilia. Ndipo nikaona majani ya pembeni yakigawanyika, na mtu akatoka kinyumenyume.

Alikuwa mwanamke aliyejifunika kitenge kuanzia kichwani. Mgongo wake ulielekea kwetu, uso ulielekea msituni. Mkono mmoja ulimshika Kalume, aliyekuwa akitembea uso mbele kama watu wote na kumwongoza: "Mama, kuna jiwe. Mama, kushoto kidogo." Alivuka uwanja namna hiyo, hatua kwa hatua, akipapasa ardhi kwa kisigino. Alikuwa amefikiri, na alikuwa amepata njia ya kutii sheria zote mbili, ya kwao na ya kwangu. Mimi sikufikiria hata kidogo jambo kama hilo katika muda wote ule.

Watoto waliokuwa dirishani walianza kucheka. Pius aliwafukuza kwa fimbo.

"Nini hii?" Padri Mkaguzi aliuliza. "Huyu mama iko mgonjwa?"

Moniteri Mkuu alinitazama. Lilikuwa neno langu kulisema: Padri, huyu ni mama mkwe wangu, ananiheshimu. Lakini niliona aibu ya kuonekana mshenzi mbele ya Mzungu, na aibu ya kuonekana mwenye kupendelea ndugu mbele ya kijiji. Nilisema, "Ni mzazi, Padri."

Ngoma ikanyamaza. Alikuwa amebakiza kipande cha uwanja ambacho mtu anayetembea mbele angekivuka kabla hujamaliza kupiga chafya. Alisikia kimya kile, akasimama. Kisha akaendelea, kinyumenyume vilevile, mpaka kisigino chake kikagusa ngazi ya mlango. Akanyoosha mkono nyuma, na ndani ya mkono wake ulikuwamo mkono wa Kalume.

Sikuupokea.

"Amechelewa," nilisema. "Ngoma imekwisha kulia."

Hakugeuka. Aliuteremsha mkono ule polepole, akamvuta mtoto, na sasa, kwa kuwa alikuwa akiondoka, aliweza kutembea mbele. Padri Mkaguzi alinipiga bega, akasema kazi nzuri. Kalume aliondolewa hadi mwaka mwingine. Lakini kabla mwaka huo haujafika, baba yao alirudi kuwasalimu, akasikia habari, akamchukua mtoto kwenda naye kwenye dhahabu. Mikono midogo ya kuchekecha mchanga ilitakiwa kule.

Feza alinipikia jioni hiyo wali na sombe ya majani ya muhogo kama kawaida, akaweka chini, akasema, "Karibu, moniteri." Tangu tuoane hakuwahi kuniita hivyo. Aliendelea kuniita hivyo mpaka mvua za kwanza.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kabambare, nami nikiwa Moniteri Mkuu. Pale niliacha kizingiti. Vijana wangu walisimama mlangoni kwa zamu, na aliyekuwa na mkwe njiani alisema tu, akapumzishwa. Mtoto angeweza kuletwa na kaka, na shangazi, na yeyote mwenye miguu. Hakuna aliyepotelea kijitoni zaidi kuliko zamani. Wakaguzi hawakuona tofauti. Ndivyo nilivyojua kwamba ile kamba ningeweza kuirefusha tangu mwanzo.

Tulipokuwa na watoto wanne nilinunua mbuzi mzuri na kitambaa cha rangi ya dhahabu, nikamtuma Feza navyo kwa mama yake kuomba njia ifunguliwe. Alirudi kesho yake na mbuzi, na kitambaa kimekunjwa kama kilivyokwenda.

"Amesema nini?"

Feza alikaa kwanza, akavua ndala. "Amesema anashukuru. Amesema yeye hana hasira na mutu. Amesema tu, ngoma imekwisha kulia."

Nilipeleka tena baada ya miaka. Jibu lilikuwa lile lile, pamoja na kikapu cha karanga za wajukuu.

Uhuru ulikuja, mapadri wengi waliondoka, nami niliendelea mpaka nilipostaafu. Mwaka wangu wa mwisho kazini, asubuhi moja, nilifungua shule kungali na umande nikamkuta mtu mzima ameketi kwenye ngazi na msichana mdogo magotini. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa kazi ya mchanga na maji. Sikumjua mpaka alipocheka.

"Shemeji," Kalume alisema, "leo nimewahi?"

Ngoma ya kwanza ilikuwa haijapigwa. Aliuchukua mkono wa bintiye, akauweka ndani ya wangu, kama sheria yangu ya zamani ilivyotaka. Hakuniachia upesi. Hakujifunza kusoma kamwe. Bintiye ndiye anayemsomea bei na habari hadi leo. Na mimi, kila nikikumbuka, nasikia jibu lake likitoka kwenye matuta ya muhogo.

Mama yake alifariki mwaka ule ule. Nilikwenda mazishini na kukaa mahali wanapokaa wakwe, mbali, nyuma ya nyumba, kama desturi inavyoamuru kwa mtu ambaye njia yake haikufunguliwa. Watoto wangu wanasema binti yetu mkubwa amefanana naye kabisa, uso kwa uso. Naitikia tu. Mimi niliujua mgongo wake.