Matajiri wa Bonde la Pigeon Fork

Kwa mujibu wa karatasi, Bonde la Pigeon Fork, mashariki mwa Kentucky, halikuwa na maskini. Mgodi wa makaa ulikuwa umefungwa, duka limebaki moja, na daraja lilishikiliwa na mazoea zaidi ya chuma. Lakini fomu zilisema kila nyumba imejaliwa. Mzee Hobart Sizemore, ambaye mlango wa pikapu yake hufungwa kwa kamba ya kuanikia nguo, alikuwa amejiandikishia kipato cha kumshinda daktari wa meno wa mjini.

Fomu hizo hupelekwa majumbani kila shule zinapofunguliwa. Zinauliza humo ndani mko wangapi na mnaingiza kiasi gani kwa mwezi. Kutokana na majibu, jimbo hujua shule ina watoto wangapi wa nyumba zenye dhiki, nalo huongeza fedha kwa kadiri hiyo. Watu wa Pigeon Fork, ambao wangelala njaa wiki nzima kuliko kumwambia mgeni kwamba hawana, walijibu kama unavyojibu ukiulizwa hali na mtu usiyemjua: hatujambo, wote wazima. Jimbo huamini linachoandikiwa. Likawapongeza kwa kuwapunguzia fedha.

Barua ilifunguliwa na Arvella Combs, karani wa shule ya msingi ya bondeni kwa miaka ishirini na sita. Ilisema kwamba kama fomu zitasahihishwa kufikia Ijumaa, na angalau nusu ya nyumba zikaonekana zinahitaji msaada, mwalimu wa kusoma atabaki. Zisipofika nusu, Krismasi ataondoka. Mwalimu huyo, Bi Delphine Roark, aliwafundisha watoto waliokwama, wawili wawili, katika chumba kilichokuwa stoo ya mafagio. Mmoja wao alikuwa Tansy, mjukuu wa Mzee Hobart, mwenye miaka minane. Mwezi wa nane Tansy alikuwa akikiangalia kitabu kama mbuzi aangaliavyo lango. Sasa alikuwa akisoma hata lebo za makopo, kwa sauti, bila kuombwa.

Arvella aliikunja barua, akaenda kusimama kwenye ukumbi wa kulia chakula. Alikuwa na deni la moyoni na ukumbi ule. Alipokuwa darasa la pili, mama yake aliichana fomu ya chakula cha bure mbele ya mwalimu mkuu na kusema binti yake si ombaomba. Kesho yake mpishi, Bi Icy Fugate, alimwita pembeni: "We mtoto, nimezeeka, mgongo unaniua. Nifutie meza hizi kila asubuhi, nami nitakulipa." Kazi ilimchukua dakika mbili. Malipo yalikuwa mayai mawili na mkate. Alifanya kazi hiyo miaka minne, akijiona mtu mzima mwenye ajira. Siku alipoajiriwa ukarani na kufika alfajiri ndipo alipogundua kwamba Bi Icy hufuta meza zote mwenyewe kabla mtoto yeyote hajafika.

Jumanne alasiri Arvella alipanda kwa Mzee Hobart, mkononi sufuria ya maharage na mkate wa mahindi. Alimchagua yeye kwa sababu kanisani watu husubiri kwanza Hobart akohoe ndipo nao wakohoe.

"Karibu, binti wa Combs. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Mzee. Nimekuja na maharage."

"Watu hawapandi mlima huu na maharage bure." Alifunua, akanusa. "Umetia nyama ya nguruwe. Basi ni jambo kubwa."

"Ni ile fomu, Mzee Hobart."

"Nilishaijaza."

"Uliijaza. Kwa hesabu yako ungekuwa umeninunulia gari jipya, jirani yako."

"Mambo yangu ya mfukoni yanaihusu nini serikali? Sijawahi kumwomba mtu kitu, na sianzi leo na meno yamebaki manne."

"Sikuambii uombe."

"Unaniambia niandike mimi fukara, mtoto asome shuleni kwenye karatasi kwamba babu yake fukara."

Arvella aliiangalia sufuria. Bondeni kuna sheria moja isiyoandikwa popote, na kwa hiyo haivunjwi: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa maharage, unarudisha viazi. Huna viazi, unarudisha mayai. Huna mayai, unatia hata maua, lakini tupu hakirudi.

"Sufuria yangu utairudisha lini, Mzee?"

"Ijumaa nateremka mjini. Nitaipitisha shuleni."

"Na utaitia nini?"

"Nitakachojaliwa. Tufaha zipo."

"Sitaki tufaha. Nitilie fomu hii mpya, yenye ukweli. Shule ndiyo inakuomba wewe, Mzee, si wewe unayeiomba. Ukinipa ile karatasi, Delphine anabaki. Ukininyima, stoo inarudia mafagio."

Mzee aliifunika tena sufuria. "Mama yako alikuwa mkaidi," alisema mwishowe, "lakini hakuwa mjanja hivi. Umenitega kwa maharage."

"Yale maharage mazuri lakini."

"Sijasema mabaya. Nenda zako."

Jumatano na Alhamisi jiko la shule lilipika mikate ya mahindi mingi kuliko ya harusi, nayo ikapelekwa nyumba kwa nyumba pamoja na fomu mpya, katika vyombo vilivyoandikwa jina la shule chini. Hakuna aliyepigiwa hotuba.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi vyombo vilianza kurudi. Kulikuwa na fomu ndani ya mabakuli ya mayai na fomu iliyolowa siagi. Moja ilikuwa imefungwa kwenye chupa ya jamu ya tufaha, eti karatasi pekee ni adabu mbaya. Kufikia saa tatu Arvella alikuwa amepita nusu kwa nyumba kumi na moja. Pigeon Fork ilikuwa imefilisika ndani ya wiki moja, na hakuna aliyewahi kumwona karani akifurahia ufukara kiasi kile.

Mzee Hobart alifika na sufuria imejaa viazi, fomu juu, Tansy kando.

"Miwani yangu imepotea," alisema. Ilikuwa imepotea tangu ujana wake, na bonde zima lilijua kwamba alichokosa ni herufi, si miwani. "Huyu ndiye amenisomea. Yote, hata yale maandishi madogo kama chawa huku chini."

"Babu aliniambia nirudie mara mbili," alisema Tansy.

"Nilipenda kusikia," alisema mzee, akaangalia dirishani.

Arvella aligonga mhuri. Harufu ya mayai ilikuwa ikitoka ukumbini.

"Kaeni mle, Mzee."

"Mimi siwezi kula cha shule bure."

"Nani amesema bure? Mgongo unaniua leo." Akamkabidhi kitambaa. "Nifutie meza hizi."

Mzee Hobart alizikagua meza. Zilikuwa zinang'aa. Alimtazama Arvella, kisha akazifuta zote, taratibu, mpaka pembeni, akavua kofia na kukaa chini kungoja mshahara wake.