Mtoto Asiyetumwa Chumvi

Mimi mahakimu sikuwahi kuwapenda. Nikipita mbele ya jengo lao hapa Kalemie nikienda sokoni, nilikuwa naongeza mwendo. Leo mtu akimsema vibaya yule mama hakimu wa tribinali ya watoto mbele yangu, tutagombana, tena nitaanza mimi.

Mdogo wangu aliolewa Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Mimba ya kwanza alikuja kuzalia kwa mama yetu, kama desturi inavyotaka, na kitovu cha binti kikazikwa nyuma ya jiko letu. Kisha akarudi kwa mumewe. Mtoto akakulia huko, akaanza shule huko. Baadaye ndoa ikaharibika. Bwana akawa analala kwingine, na akiulizwa anatisha, "Ukiondoka, mtoto anabaki." Basi likizo moja mdogo wangu akapanda boti na binti, akafika kwetu, akasema harudi tena. Tukapiga vigelegele.

Hofu yake ilikuwa moja tu, kunyang'anywa mtoto. "Dada, kule wote ni watu wake," aliniambia akilia. "Kesi ikisikilizwa Kigoma, nimekwisha." Tukaamua kumuwahi. Tukaenda tribinali ya hapa, tukaomba mtoto akabidhiwe mama yake. Kwetu jambo lilikuwa wazi: mtu ni wa pale kitovu chake kilipozikwa. Nani angebisha?

Baba mtoto akaitwa, akavuka, akaja na shati lililopigwa pasi. Nilimchukia mpaka ile kola yake. Siku hiyo mama yetu alichota udongo nyuma ya jiko, akaufunga kwenye kipande cha kitenge, na alipopewa nafasi ya kusema akamnyooshea hakimu.

"Ushahidi wangu njo huu, Mama."

Karani akacheka. Hakimu akamtazama tu, kicheko kikamkauka mdomoni. Kisha akainuka, akaupokea ule udongo kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akauweka mbele yake taratibu. Nani amewahi kuona hakimu wa namna hiyo?

"Asante, Mama," akasema. "Sasa nimejua alipozaliwa. Niambieni, anaishi wapi?"

"Hapa!" nikaruka mimi. Avoka wetu, wakili tuliyemlipa, akanivuta kitenge, nikautoa mkono wake. "Anaishi hapa, na anaishi vizuri! Hapa hashiki ufagio. Hatumwi mahali. Samaki mukubwa njo wake, bukari anapakuliwa wa kwanza. Kule walikuwa wanamutumikisha!"

Hakimu akatabasamu kidogo. "Mama, watoto wengine wa pale kwenu wanafagia?"

"Wanafagia, kwani si watoto?"

"Na wanatumwa?"

"Sana."

"Isipokuwa huyu."

Lo! Hata asiye na akili anajua kwamba mtoto asiyetumwa ni mgeni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyolelewa. Likizo ilikuwa imekwisha zamani, na jembe bado tulikuwa hatujampa.

Hakimu akamwita binti akae karibu naye, akamwomba amsimulie siku zake zinavyokwenda. Weee! Mtoto ambaye nyumbani kwetu alikuwa wa ndiyo na hapana, akafunguka. Kigoma anafagia uwanja kabla ya shule. Ana kuku mwenye mguu mbovu, anamlisha mwenyewe. Bibi yake, mama wa baba yake, miguu inamuuma na hatoki nyumbani; humtuma chumvi kwa jirani, na akirudi humsuka nywele.

"Na hapa?" hakimu akamuuliza.

"Hapa ninasubiri," akasema.

Hakimu hakutuzungusha. Alisema sheria haiulizi kitovu wala ukoo, wala nani amekuwa wa kwanza kufungua kesi. Inauliza makao ya kawaida ya mtoto, yaani pale maisha yake yalipo: shule, marafiki, kazi zake ndogo. Makao ya huyu ni Kigoma, na hayakuvuka ziwa kwa sababu mama yake amevuka. "Kila mzazi akichagua tribinali kwa kupanda boti, watoto wetu watalala kwenye boti." Kwa hiyo yeye hana mamlaka, kesi iende kule.

Baba mtoto akaanza kunyoosha kola. Hakimu akamgeukia. "Papa, usifurahi. Mutoto sijakupa. Nimesema tu nani wa kuamua. Mwalimu wake yuko kule, majirani wako kule, bibi yake hawezi hata kutoka nyumbani. Mimi hapa nimuulize nani?"

Nilitoka nikitukana, mpaka viatu vya hakimu nikavitukana. Mdogo wangu alivuka, nami nikavuka naye, maana kumwacha peke yake sikuweza.

Na kule Kigoma, siku ya kusikilizwa, nikaona majirani wanaingia na kiti, juu yake yule bibi mwenye miguu mibovu. Nikasema moyoni, haya, tumekwisha, mama amekuja kumtetea mwanawe. Bibi akamtazama mwanawe mpaka yule akainamisha kichwa.

"Nimekuzaa mimi, sikukani," akasema. "Lakini mtoto huyu akiumwa, anayekesha ni mama yake. Wewe tunakuona ukipita."

Mtoto akapewa mama yake. Wakae Kigoma karibu na shule, baba awe anamwona. Nililia bila aibu, nikamkumbatia yule bibi na kiti chake. Maneno yale yangefikaje Kalemie? Ziwa lile asingelivuka kamwe, na kesi ingeamuliwa kwa kelele zangu.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja ofisini, kwenye biro ya hakimu, nikamsimulia yote nimesimama. Alifumba macho, akasema, "Mungu asifiwe." Halafu akafungua mtoto wa meza, akatoa kile kipande cha kitenge, bado kimefungwa vilevile. "Huu ni wa mama yako. Kwenye kesi haukuwa na kazi, ila kuutupa sikuweza." Sijui mtu anasomea shule gani mpaka awe hivyo. Ningekuwa na binti wangu ningempa amlee.

Nikampelekea mama yetu. Akaupima mkononi, akanirudishia.

"Siku ukivuka tena, mupelekee bibi mwenzangu. Auzike nyuma ya jiko lake."

Nikamuuliza, "Mama, unajua unalosema?"

"Ninajua," akasema. "Mutoto anaishi kule."