Mlango wa Nikeli

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Muumba wa nyangumi na wa kijidudu kisichoonekana kwa jicho, aliyekipa kila kimoja riziki yake na ndia ya kuifikia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, aliyetufundisha kuuliza kabla ya kujibu. Nayaandika haya kwa sababu mimi nilijibu kabla ya kuuliza.

Nasomesha darsa msikitini hapa kisiwani Amu, na dada yangu mjane nakaa naye nyumba moja. Mwaka mmoja aliumwa na tumbo mwezi mzima wa Shaabani. Zahanati wakampima, wakasema ana vidonda vya tumbo vinavyoletwa na kijidudu, wakampa vidonge vya wiki mbili. Siku ya nne maumivu yakatulia. Siku ya tano mwezi ukaandama.

Asubuhi ya Ramadhani mosi alinijia dakani, pale kwenye baraza ya mlangoni, na mfuko wa dawa mkononi.

"Kaka, hizi nameza saa mbili asubuhi, baada ya chakula. Sasa nile au nifunge?"

Aya ya mgonjwa naisomesha kila mwaka. Ruhusa yake ya kula naijua kama ninavyoijua sala. Lakini dakani palikuwa na majirani wawili, nami nikawaza watu watasemaje wakisikia dada wa mwalimu anakula mchana. Hiyo ndiyo kweli, na Mungu anaijua. Niliiona haya yangu, sikuyaona maumivu yake.

"Tumbo si limetulia?" nikamwambia. "Subiri. Weka dawa mpaka Idi."

Akaziweka. Alifunga mwezi mzima, akipika futari ya nyumba yote, na baada ya Idi akavimeza vidonge vilivyobaki kama nilivyomwelekeza.

Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, adhuhuri moja, alitapika kitu cheusi kama unga wa buni, akaanguka ukumbini. Vijana wa mtaa walimbeba kwa kiti mpaka hospitali, mimi nyuma yao na viatu vya mtu mwingine miguuni. Daktari alipomuuliza, "Mama, zile dawa za kwanza ulizimeza zote kwa mpango?" dada yangu alinitazama mara moja, akamgeukia daktari.

"Nilisahau, mwanangu. Uzee."

Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kumgusa. Nikauacha uongo ule upite, nikiviangalia vile viatu vya mtu mwingine.

Daktari alieleza kwamba kijidudu kimerudi, na kwamba dawa ikikatizwa hivyo, vijidudu vinavyobaki huweza kuizoea. Angempa dawa nyingine, na baada ya hapo apimwe tena. Kama nazo zingeshindwa, zingebaki chache za kujaribu.

Mjukuu wangu alikuja kumuuguza nyanya yake. Yeye anasoma chuo kikuu bara, na kazi yake ni vijidudu. Nilikuwa sijawahi kumuuliza hasa anachosoma. Jioni ile nilimuuliza, tukiwa tumekaa dakani palepale, pengine kwa kutafuta jambo la kuniambia kwamba kosa si langu.

"Nasoma milango, babu," akasema.

"Milango? Si ungebaki hapa Amu ukaisoma ya kuchonga?"

Akacheka. Akanieleza kwamba kijidudu kimezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, na madini hayawezi kuupenya hivihivi. Basi ndani ya utando mna protini zilizojipachika, na kazi ya baadhi yake ni kupitisha nikeli na kobalti, madini mawili yanayofanana sana. Protini hizo ni ukoo mmoja. Moja hupokea nikeli tu, nyingine hupendelea kobalti, nyingine hupokea zote mbili.

"Kama wewe hapa dakani," akasema. "Mwingine wampitisha ndani, mwingine wamalizana naye papa hapa kwa kahawa."

"Na kijidudu chataka nikeli ya nini? Chatengeneza sufuria?"

"Kobalti vijidudu hutengenezea vitamini B12. Na hicho cha nyanya chaitaka nikeli ili kiishi tumboni. Tumbo lina asidi kali. Chenyewe hutumia chembe ya nikeli kuendesha kimeng'enya kinachotoa amonia, ile harufu ya chooni, msala usiomwagwa maji. Hujizungushia hiyo, asidi isikiunguze. Kikikosa nikeli, asidi hukimaliza."

"Na hiyo nikeli chaipata wapi?"

"Kwenye chakula. Hata kunde na korosho zina chembe zake. Ni kidogo mno, ndiyo maana mlango wake lazima uwe mzuri."

Nilisema Subhanallah, na nilisema kwa moyo. Kisha nikauliza kama kuna dawa ya kuufunga mlango huo.

"Bado, babu. Watu wanatafuta. Kwa sasa tuna vidonge, mara mbili kwa siku, wiki mbili bila kukatiza."

"Mara mbili?"

"Asubuhi na jioni. Katika Ramadhani angemeza daku na futari, asipoteze hata siku moja. Angemuuliza tu daktari."

Nikakiweka chini kikombe cha kahawa. Hapakuwa na jambo la kuchagua, dawa au saumu. Vyote viwili vilikuwa vinakaa pamoja, na swali moja lingetosha, vidonge hivi ni mara ngapi. Sikuliuliza.

Nikaingia ndani kwa dada yangu, nikamwambia kila kitu, pamoja na habari ya majirani wawili na haya yangu.

"Kwani nilikuwa siijui?" akasema. "Wewe toka utotoni wajali watu watasemaje. Pale hospitali uso wako ulikuwa kama wa samaki wa juzi, nikakuhurumia."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani. Lakini kuna mwenzangu wa darsa, naye alikuwa na dawa hizihizi. Nilimwambia mwalimu kasema tuziweke mpaka Idi. Naye akaziweka."

Nikamuuliza huyo mwenzake anakaa wapi. Akasema Matondoni, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa.

Dawa za pili nilimpa dada yangu kwa mkono wangu, asubuhi na jioni, mpaka akawa ananiita nesi. Kipimo hakikukiona tena kijidudu, Alhamdulillahi. Kwenye darsa nilisimama nikasema nilikosea, na nikasema kwa nini. Nikaenda Matondoni kwa yule mwenzake. Nyumba ilikuwa imefungwa. Jirani alisema amehamia kwa mwanawe bara, na namba ya simu niliyopewa haiiti. Nimerudi mara tatu, na mlango u vilevile.

Bi, kama maandishi haya yatakufikia, au yatamfikia mwanao, rudi hospitali ukapimwe. Mwambie daktari kwamba dawa ulizikatiza kwa neno la mwalimu, usiseme ulisahau. Kosa hilo ni langu, usilibebe wewe. Na ukiweza, nisamehe.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mola akuafu mwili wako, aufanye mwepesi ulimi wako kuuliza na mzito kuhukumu, na akukutanishe na wote unaowadai radhi na wanaokudai, kabla ya siku ambayo radhi haitafutwi tena. Amin.