Hodi ya Asnath

Asnath alipiga hodi hata kwenye nyumba isiyo na mtu. Asubuhi, nikishafungua ule mlango mzito wa tembe, nyumba ya kale ya udongo yenye paa bapa, alisimama kizingitini, akasema "Hodi hapa," akangoja kidogo kama anayesikiliza nyayo, ndipo akaingia. Mlinzi wetu, mzee Mahona, alimcheka.

"Unawapigia hodi popo, wewe? Siku wakikuitikia mimi naacha kazi."

"Wakiniitikia, mzee, nitawauliza usiku huwa unaanza kukoroma saa ngapi."

Alikuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, akiwa mwaka wa mwisho chuoni. Tembe letu la makumbusho lilikuwa la mfanyabiashara wa zamani, nje kidogo ya Tabora, mahali misafara ilipopumzika kabla ya kushika njia ya Ujiji. Vyumba vyote vilimsimulia mwenye nyumba na wageni wake. Asnath aliomba chumba cha nyuma, tulichokuwa tunawekea mafagio, akifanye chumba cha wapagazi na wake zao waliobaki wakiwangoja.

Kitu cha kuwekwa katikati ya chumba alikitoa kwa bibi yake, Recheli, huko Usoke. Kilikuwa kibuyu cha kunywea, cheusi kwa uzee, ndani kimeganda utando wa kahawia. Babu wa bibi huyo alikinywea togwa asubuhi aliyochukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani, vita ile ya kwanza. Hakurudi. Bibi alikikabidhi kimefungwa kwenye kitenge, akaahidi kuja mwenyewe siku ya ufunguzi. Asnath aliingoja siku hiyo kuliko alivyongoja cheti. Alikulia Nzega, mbali na bibi, na alitaka bibi aone kwamba hajasahau kwao.

Chuoni walimfundisha kwamba kitu cha kale hakioshwi. Alilijua hilo. Lakini wageni wangekuja, na mchungaji, na chombo kichafu mbele ya wageni ni aibu ya mwenye chombo. Hakutaka mtu aseme kwamba kwa bibi yake vyombo haviguswi na maji. Siku moja kabla ya ufunguzi akakiosha, akakipaka mafuta ya karanga kikang'aa.

Bibi Recheli alifika na mwanawe Ezekia, amevaa viatu vya kanisani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda? Hawa hawakupi ugali?"

Tukacheka. Alizunguka chumba akigusa kila kitu. Mzigo tulioufunga kwa kamba akausukuma kwa kiganja, akauliza ni mpagazi gani angefika nao hata Goweko. Asnath alicheka mpaka jino la mwisho. Kisha bibi akachukua kibuyu. Akakinusa. Akaingiza kidole ndani, akakitazama kile kidole.

"Amerudi?" akauliza.

"Nani, bibi?"

"Mwenyewe. Amerudi lini, mbona mimi sikuitwa?"

Ezekia ndiye aliyetueleza, kwa sauti ya chini, maana mama yake alikuwa ameketi sakafuni. Togwa aliyoibakiza yule mpagazi, mkewe hakuimwaga. Ikakauka humo humo. Kibuyu kingeoshwa siku atakayorudi. Mke alipokufa alimwachia binti yake, naye akamwachia Recheli. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuambiwa asikioshe; watoto waliona tu kwamba hakiendi kisimani na vyombo vingine. Asnath hakukulia hapo.

"Bibi, sikujua."

Bibi alikifunga kwenye kitenge chake, akaomba arudishwe Usoke. Alipofika alijifunika kanga kichwani, akatandika mkeka, majirani wakaja. Kibuyu kimeoshwa na mwenyewe hayupo, basi amekufa. Akamlilia mtu ambaye hakuwahi kumwona, ambaye nyumba ile ilikuwa bado inamngoja.

Asnath alimfuata. Alisimama mlangoni, akapiga hodi. Bibi alikuwemo, kikohozi chake kinasikika. Hakuitikia. Akapiga tena. Asnath hakuwa mtu wa kuingia bila kukaribishwa. Alilala kwa Ezekia, na kulipokucha akarudi pale pale mlangoni.

Tangu hapo, kila alipopata nafasi, alipanda basi la Usoke. Akirudi nilimtazama usoni na sikuuliza. Bibi Recheli alizikwa majira ya kuchuma tumbaku. Hakuwa ameitikia.

Baada ya mazishi Asnath alikuja kurudisha ufunguo wa chumba cha wapagazi. Ndiyo siku ya mwisho niliyomwona. Nilikuwa ndani napangusa vumbi niliposikia hodi.

"Karibu," nikasema.

Hakuingia mtu.

"Karibu, mwanangu. Pita."

Nikatoka, nikamkuta kizingitini, ufunguo mkononi, machozi yanamtiririka naye hayafuti.

"Siingii, mama Julieth. Nilitaka tu kusikia mtu akisema karibu."